Buli la Iroh na udongo wa Yixing

*Katuni ya Avatar: The Last Airbender ilitafuta bingwa wa mwandiko wa Kichina na mwalimu wa ngumi ili michoro yake isibahatishe. Vyombo vya chai vilivyompa mzee Iroh utu wake vinadai heshima ileile.*

Vita vya miaka 100 vimekwisha. Zuko, kijana ambaye ndiyo kwanza ametawazwa kuwa mtawala wa Taifa la Moto, hakai kwenye kiti cha enzi. Yumo ndani ya mgahawa wa chai katika jiji la Ba Sing Se, anapita na sinia akiwagawia rafiki zake vikombe. Baba yake mkubwa, Iroh, mwenye mgahawa, anapuliza pembe lake la muziki. Sokka, mmoja wa rafiki hao, anahangaika kuwachora wote katika picha moja, na picha yenyewe haimtii.

Hivyo ndivyo *Avatar: The Last Airbender* ilivyowaaga watazamaji wake Julai 19, 2008, katika kipindi cha 61 na cha mwisho. Mtawala wa taifa lililoichoma dunia kwa karne nzima anawahudumia wenzake chai, na hakuna hata mmoja ukumbini anayeshangaa.

Macho ya mtazamaji humfuata Zuko. Wachache hutazama vyombo. Lakini kila buli lililopita katika katuni hiyo lilianza kama uamuzi wa mchoraji: tumbo liwe nene kiasi gani, mdomo uanzie wapi, kishikio kikae ubavuni au kipite juu ya kifuniko, rangi iwe ya udongo au ya kaure. Maumbo hayo yalikwisha kufinyangwa, kusubiwa na kuchomwa na mafundi wa China na Japani kwa karne nyingi kabla kalamu ya studio haijayagusa.

Sasa filamu mpya na mfululizo mpya wa ulimwengu huohuo vimetangazwa, na hoja ya zamani imepata uzito mpya. Chombo kinachochorwa kwa ajili ya nchi ya kubuni kina deni gani kwa fundi wa kweli ambaye umbo lake limeazimwa?

Jenerali aliyegeuka muuza chai

Katuni hiyo ilianza kuonyeshwa na kituo cha Nickelodeon cha Marekani Februari 21, 2005. Waliobuni hadithi yake ni Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko. Dunia yao ina mataifa manne, la Maji, la Ardhi, la Moto na la Hewa, na katika kila taifa wapo watu wanaoweza kuiamuru asili ya taifa hilo kwa miondoko ya mwili.

Iroh ni mzaliwa wa kwanza wa ukoo wa kifalme wa Taifa la Moto. Alikuwa jenerali wa kutisha. Aliuzingira mji wa Ba Sing Se kwa siku 600, akauvunja ukuta wake wa nje, kisha mwanawe wa pekee, Lu Ten, akauawa vitani. Mzee akaondoa majeshi na kurudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

Miaka baadaye anaingia katika mji uleule akiwa mkimbizi, pamoja na Zuko, na kuajiriwa katika kijimgahawa cha mtu aitwaye Pao. Akionja chai ya humo anakasirika kama aliyetukanwa. Baadaye anapewa mgahawa wake mwenyewe katika mtaa wa matajiri, Jasmine Dragon, na kutokana na chai yake hatimaye anaalikwa ikulu kumhudumia mfalme.

Katika hadithi hii chai husukuma matukio. Iroh anakaribia kufa kwa kuchemsha mmea wa sumu aliodhani ni wa chai adimu. Zuko anamchemshia chai baba yake mkubwa aliyejeruhiwa; chai ni mbaya, naye mzee anaimwaga dirishani kijana akigeuka, ili asimvunje moyo. Kibaka anajaribu kumpora mtaani, Iroh anamsahihisha jinsi ya kusimama, kisha wanakaa chini na kunywa pamoja.

Chai inamponza pia. Katika stesheni ya treni ya Ba Sing Se anauziwa chai iliyopoa, anaipasha kwa nguvu zake za moto, na kijana Jet anaona mvuke ukipanda kutoka katika kikombe. Siri kwamba wakimbizi hao wawili ni watu wa Taifa la Moto inavuja kupitia mvuke huo, na upanga unafuata.

> Siri ya mkimbizi inavuja kupitia mvuke wa chai, na upanga unafuata.

Sauti ya Iroh ilikuwa ya Mako Iwamatsu, mwigizaji mzaliwa wa Japani, aliyefariki dunia Julai 2006 kazi ikiendelea. Kipindi kilichosimulia visa vifupi vya maisha ya Ba Sing Se kilitolewa kwa kumbukumbu yake, naye Greg Baldwin akaichukua nafasi hiyo. Mhusika aliyeanza kama mzee mchekeshaji mwenye kitambi alikuwa amekwisha kuwa moyo wa hadithi, na chombo chake cha kazi kilikuwa buli.

Mchoro mmoja, mikono mingi

Buli la katuni hupita mikono mingi. Mpangilio wa matukio ya *Avatar* ulichorwa Burbank, California. Michoro yenyewe ya mwendo ilifanywa Korea Kusini, na studio za JM Animation, DR Movie na MOI Animation.

Kati ya pande hizo mbili husafiri karatasi ya mwongozo. Kila kitu ambacho mhusika atakishika huchorwa kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, na kuwekewa rangi zake za mchana na za usiku. Mchoraji wa Seoul ambaye hajapata kukutana na mwenzake wa Burbank lazima achore chombo kilekile, kwa unene uleule, mara mamia.

Hesabu yake inachosha. Kwa kawaida katuni ya televisheni ina fremu 24 kwa sekunde, na kila mchoro hushika fremu mbili. Tukio la kumimina chai kwa sekunde 5 tu laweza kudai michoro 60 ya mkono ulioshika buli. Buli likiwa na maua na majoka yaliyonakshiwa kila upande, kila nakshi itabidi ipindwe upya kadiri chombo kinavyoinama. Ikikosewa kwa unywele, nakshi zitacheza juu ya chombo kama wadudu.

Kwa hiyo wachoraji hupunguza. Hubaki mstari wa tumbo, mpindo wa mdomo, tundu la kishikio na kinundu cha kifuniko. Umbo lenyewe linalazimika kubeba uzuri wote.

Wataalamu wa kompyuta waligundua mapema kwamba umbo la buli ni mtihani mzuri. Mwaka 1975 Martin Newell, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, alitafuta kitu cha kujaribia programu zake za kuchora vitu vyenye urefu, upana na kina. Mkewe, Sandra, akampendekezea buli lao la mezani, lililotengenezwa na Melitta ya Ujerumani. Lilikuwa na tumbo la mviringo, tundu la kishikio, mdomo uliopinda, na liliweza kujitupia kivuli lenyewe. Vipimo vyake vikawa kipimo cha fani nzima. Umbo hilo lilijitokeza hadi katika filamu ya *Toy Story* ya mwaka 1995, na buli lenyewe limehifadhiwa katika Computer History Museum, Mountain View, California.

Mwalimu mkubwa zaidi wa umbo lisilo na pambo, hata hivyo, yuko China.

Mji wa udongo wa zambarau

Mwaka 1391 mfalme Hongwu, mwanzilishi wa nasaba ya Ming, alifuta desturi ya kupeleka ikulu chai iliyoshindiliwa kuwa vitofali. Kuanzia hapo chai ya majani makavu yaliyo huru ikatawala. Hapo kabla watu wa nasaba ya Song walisaga chai kuwa unga na kuipiga ndani ya bakuli kwa kifagio kidogo cha mwanzi. Majani huru yalihitaji chombo cha kuyalowekea, chenye kifuniko cha kutunza joto na mdomo wa kumiminia. Buli likapata kazi.

Kazi hiyo ilifanywa kwa ustadi mkubwa katika mji wa Yixing, mkoa wa Jiangsu, magharibi mwa Ziwa Tai. Kitovu chake ni kitongoji cha Dingshu, ambako huchimbwa udongo uitwao zisha. Upo wa zambarau, upo mwekundu, upo wa manjano unaokaribia kijani. Masimulizi ya mafundi yanamtaja Gong Chun, mtumishi wa karne ya 16 aliyefinyanga buli kwa kuiga nundu la mti wa ginko karibu na hekalu la Jinsha. Ushahidi wa wanaakiolojia uko imara zaidi: buli la udongo wa Yixing, lenye kishikio kinachopita juu ya kifuniko, lilifukuliwa Nanjing katika kaburi la towashi Wu Jing la mwaka 1533.

Udongo huo huchimbwa ukiwa mwamba. Huachwa nje uvunjwevunjwe na jua na mvua, husagwa, huchekechwa, hukandwa, kisha huachwa ukomae. Fundi hatumii gurudumu. Huupiga kwa nyundo ya mti mpaka uwe bapa, hukata ukanda na kuukunja kuwa mrija mpana, kisha huugongagonga kwa kibao cha mti huku vidole vya mkono mwingine vikiusaidia kwa ndani, mpaka ukingo ujipinde na tumbo litokeze. Mabuli ya pembe nne hujengwa kwa kuunganisha vibao vya udongo, ukingo kwa ukingo. Mwisho ngozi ya chombo husuguliwa kwa kipande chembamba cha pembe ya ng'ombe hadi itulie.

Buli halipakwi ule utando wa kioo unaovipa vyombo vya kaure mng'ao wake. Huingia tanurini likiwa tupu na kuchomwa kwa joto la kati ya nyuzi 1,100 na 1,200 za Selsiasi. Likitoka lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyotunza joto na kunyonya harufu ya chai taratibu, mwaka hadi mwaka.

Uzuri wake hupimwa kwa kazi yake. Katika maumbo mengi ya kale, ncha ya mdomo, ukingo wa tundu la juu na kichwa cha kishikio hulingana kwa kimo. Sababu yake ni ya wazi: mdomo ukiwa chini ya ukingo, maji yatamwagika kabla buli halijajaa. Kifuniko kikikaa sawasawa, kidole kikiziba kitundu chake cha hewa, maji hukatika mdomoni papo hapo.

> Mdomo ukiwa chini ya ukingo, buli halitajaa hata siku moja. Kanuni hiyo ni ya mfinyanzi, na mchoraji wa njozi hawezi kuikwepa.

Hapa ndipo mahitaji ya studio na ladha ya Yixing yanapokutana. Wasomi wa enzi za Ming na Qing walilipenda buli tupu, lenye mistari safi. Chen Mansheng, afisa na msanii aliyeishi kati ya mwaka 1768 na 1822, alibuni maumbo ambayo hadi leo yanaigwa, na maandishi machache yaliyochongwa juu yake yalitosha kuwa pambo. Mchoraji anayeogopa nakshi zinazochezacheza anafika palepale alipofika msomi wa Qing, kwa njia nyingine kabisa. Katika karne ya 20 Gu Jingzhou, aliyezaliwa 1915 na kufariki dunia 1996, aliuendeleza ufundi huo kiasi kwamba mwaka 2010 buli lake moja liliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuani milioni 12.

Asumini nayo ina chombo chake

Chai aipendayo sana Iroh ni ya asumini. Uchaguzi huo una mizizi ya kweli. Katika jiji la Fuzhou, mkoa wa Fujian, majani ya chai hutandazwa pamoja na maua ya asumini yanayofunguka usiku, maua hutolewa, na kazi hurudiwa kwa maua mapya mpaka jani lishibe harufu. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huo wa kilimo kuwa urithi wa dunia wa kilimo.

Wanywaji wakubwa wa chai ya asumini wako Beijing, na Beijing ndiyo iliyowapa wachoraji sura ya Ba Sing Se, kuanzia majumba ya kifalme yaliyojificha nyuma ya kuta. Hata hofu ya mjini humo inafahamika. Tamthilia ya *Mgahawa wa Chai* ya mwandishi Lao She, iliyochapishwa mwaka 1957, ina mabango yanayowakataza wateja kuzungumza mambo ya serikali. Katika Ba Sing Se ni marufuku kutaja vita, na askari wa siri wa Dai Li hutega masikio kila kona. Mgahawa wa chai ni mahali pazuri pa kutegea.

Mpenzi wa vyombo ana swali lake. Kwa kuwa udongo wa zisha hunyonya harufu, wanywaji makini hutenga buli moja kwa aina moja ya chai, na wengi huiandaa asumini katika kaure au kioo, kwa maji ya nyuzi 80 hivi, ili harufu yake ibaki peke yake. Mgahawa wa Iroh ungehitaji kabati la vyombo. Mzee anayeijua chai kiasi hicho angejua pia ni ipi iingie katika udongo na ipi katika kaure, na mchoro unaolionyesha hilo ungemweleza mhusika bila yeye kusema neno.

Wanaotetea mchanganyiko

Upande mmoja wa mjadala husema deni halipo. Taifa la Ardhi si China, na Taifa la Moto si Japani. Wanyama wake wenyewe ni mchanganyiko: bata wenye gamba la kobe, dubu wenye mdomo bapa. Anayewakubali hao hana sababu ya kulipekua buli.

Wanaoshika msimamo huo wana historia ya kuwaunga mkono. Mabuli ya Yixing yalifika Ulaya katika karne ya 17 pamoja na chai, na hayakukaa muda mrefu kabla ya kuigwa. Ary de Milde aliyaiga katika mji wa Delft, Uholanzi. Ndugu wa ukoo wa Elers waliyaiga Staffordshire, Uingereza, katika miaka ya 1690. Johann Friedrich Böttger alitengeneza vyombo vyekundu vigumu kwa mfano wa mabuli hayo muda mfupi kabla ya kiwanda cha kaure cha Meissen kufunguliwa mwaka 1710. Ufinyanzi wa chai wa Ulaya ulizaliwa kwa kuazima, na hakuna anayedai urudishwe.

Husema pia kwamba katuni ni mlango. Kijana aliyeingia kwa sababu ya Iroh anaweza kuishia kusoma habari za Dingshu, na fundi atapata mteja ambaye tangazo lolote lisingemfikia.

Wanaodai jina

Upande wa pili hauikatai njozi. Unachokataa ni kuichanganya Asia yote mpaka mipaka yake ifutike. Hoja hiyo ilipamba moto ilipotangazwa filamu ya M. Night Shyamalan iliyotokana na katuni hiyo na kutoka mwaka 2010: wahusika wakuu waliochorwa kwa sura za Asia na za watu wa Aktiki walipewa waigizaji wazungu, na mashabiki wakaendesha kampeni ya kupinga. Walijifunza kwamba kilichoazimwa bila kutajwa ni rahisi kufutwa.

Katika vyombo vya chai tofauti hizo zina matokeo yanayoonekana mezani. Tokoname, katika mkoa wa Aichi, Japani, ni maarufu kwa buli lenye kishikio kilichochomoza ubavuni. Mmiminaji hulizungusha kwa kifundo cha mkono huku kidole gumba kikizuia kifuniko. Buli la Yixing lenye kishikio cha nyuma humiminwa kwa mwendo mwingine. Mkono wa mhusika ukikosea mwendo, anayejua huona mara moja.

Chuma nacho kina mkanganyiko wake. Mkoa wa Iwate, hasa mji wa Morioka, umekuwa ukisubu mabirika ya chuma tangu enzi za ukoo wa Nambu, na ngozi yake ya vinundu kama mvua ya mawe inatambulika mbali. Birika hilo ni la kuchemshia maji. Mabuli mengi ya chuma yanayouzwa leo nje ya Japani yamepakwa enameli ndani ili yasishike kutu, na hayafai kuwekwa jikoni juu ya moto. Anayenunua kwa kuvutiwa na picha tu anaweza kukiharibu chombo siku ya kwanza.

Soko la Yixing limeumizwa vibaya zaidi. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China, CCTV, ilirusha uchunguzi kuhusu watengenezaji waliochanganya udongo wa kawaida na kemikali za rangi na kuuza mabuli yao kwa jina la zisha. Vyombo vilivyomiminwa katika kalibu kwa dakika chache hukaa rafu moja na vile vilivyogongwagongwa kwa mkono kwa siku kadhaa. Mnunuzi asiyejua tofauti hufuata bei, na anayeumia ni fundi.

> Kilichoazimwa bila kutajwa ni rahisi kufutwa.

Hoja nzito kuliko zote inatoka ndani ya katuni yenyewe. Maandishi ya Kichina yanayoonekana kwenye mabango na hati za kukunja yaliandikwa na bingwa wa mwandiko, Siu-Leung Lee, na yanasomeka. Mapigano yalisimamiwa na Sifu Kisu, na kila taifa lilipewa mtindo wake: Tai Chi kwa watu wa maji, Hung Gar kwa wa ardhi, Shaolin ya Kaskazini kwa wa moto, Baguazhang kwa wa hewa. Edwin Zane alikuwa mshauri wa utamaduni.

Dunia ya njozi haikupungua hata chembe kwa kuwa na walimu hao. Ilipata uti wa mgongo. Mtazamaji asiyejua ngumi huhisi kwamba watu wa maji na watu wa moto hawasimami sawa. Lau mfinyanzi angeketi kwenye meza hiyohiyo, kila taifa lingeweza kuwa na chombo chake cha chai kama lilivyo na mtindo wake wa kupigana: udongo mtupu kwa moja, chuma kwa jingine, kaure kwa ikulu.

Buli lililobeba nuru

Kwamba watengenezaji walijua uzito wa chombo hicho kunathibitishwa na mfululizo uliofuata, *The Legend of Korra*. Vipindi vya mwaka 2013 vinasimulia habari za Wan, Avatar wa kwanza, yaani mtu anayeziamuru asili zote nne, aliyeishi miaka 10,000 kabla ya Korra, shujaa wa mfululizo huo. Roho ya nuru, Raava, inadhoofika na kusinyaa, naye Wan anaibeba ndani ya buli.

Baadaye Korra anapotea katika ulimwengu wa roho na kumkuta Iroh, ambaye roho yake ilihamia huko, akiwa mezani na viumbe wa ajabu kwa karamu ya chai. Analitambua buli lililo mbele yao: ni lile la Wan.

Waandishi wangeweza kumpa Wan sanduku, taa au kibuyu. Walichagua buli, wakaliacha lipite enzi zote mpaka mikononi mwa mtu aliyelistahili. Chombo kilichokuwa kando ya tukio kikawa kiungo kati ya mifululizo miwili. Kwa heshima ya namna hiyo ndani ya hadithi, kumnyima fundi wake nafasi nje ya hadithi kunazidi kuwa kugumu kutetea.

Kilicho mezani sasa

Februari 22, 2024, Netflix ilianza kuonyesha toleo la waigizaji halisi, Iroh akiwa Paul Sun-Hyung Lee. Katika toleo la namna hiyo hakuna mstari wa kalamu wa kuficha udhaifu. Mwigizaji anahitaji buli lenye uzito, kifuniko kisichoanguka na mdomo usiovuja, na kamera husogea karibu kuliko karatasi ya mwongozo ilivyowahi kusogea.

Kazi nyingine iko njiani. Nickelodeon ilianzisha Avatar Studios mwaka 2021 chini ya DiMartino na Konietzko. Imetangazwa filamu inayomhusu Aang, shujaa mkuu wa katuni ya kwanza, akiwa mtu mzima, na Februari 2025 ukatangazwa mfululizo wa *Avatar: Seven Havens* wenye vipindi 26. Vyombo vya chai vitachorwa tena, na vingine vitauzwa madukani.

Wa kuulizwa hawatafutwi kwa tochi. Ufundi wa mabuli ya Yixing uliingizwa katika orodha ya urithi wa taifa la China mwaka 2006, na wanafunzi wa Gu Jingzhou wanajulikana kwa majina. Kazi za chuma za Nambu zilitambuliwa na serikali ya Japani kuwa ufundi wa jadi tangu 1975. Wapo watu ambao wametumia maisha yao yote kujua kwa nini mdomo ukae pale ulipo, na wangeweza kumweleza mchoraji kwa asubuhi moja.

Majina ya Siu-Leung Lee na Sifu Kisu yalichukua mstari mmojammoja katika orodha ya waliotengeneza *Avatar*. Mfinyanzi wa Dingshu au msubi chuma wa Morioka anastahili mstari kama huo katika *Seven Havens*, na muda wa kumwita ni kabla karatasi za mwongozo hazijafungwa.